Betri Yenye Homa

Tangu nikiwa mtoto sikuwahi kuona betri ikitupwa nyumbani kwetu. Redio ilipoanza kukwaruza, baba alifungua mgongo wake, akatoa zile betri kubwa, pile kama anavyoziita yeye, na kuzipanga juani kwenye ukingo wa kibaraza, karibu na mkeka wa mpunga wa mama. Mama alilinda mpunga dhidi ya kuku, baba alilinda betri dhidi ya kivuli. Kivuli cha mparachichi kikisogea, aliinuka na kiti chake akazisogeza. Jioni alizirudisha ndani, na redio ilisema tena kwa sauti ya mtu mwenye mafua, ikatoa habari na nusu ya michezo, halafu ikanyamaza. Baba aligeuka akatutazama mmoja mmoja, tuone kwamba ni yeye aliyeifanya iseme.

Wala si yeye peke yake. Pita kijiji chochote upande wetu wa Lusangi utaziona zimelala juu ya mabati, juu ya ukuta, hata juu ya kaburi la mtu. Kila mtu kwetu anajua kwamba jua linarudisha nguvu. Naeleza haya mapema ili uelewe kwa nini nilikuja kugombana na baba yangu mzazi, karibu wiki nzima, juu ya kitu kisichozidi kipande cha sabuni ya kufulia.

Baba ndiye mpiga kengele wa kapela yetu, kikanisa cha kijiji. Nasema kengele, lakini ni jante, lile duara la chuma la gurudumu, la lori lililofia kwenye barabara ya Kasongo kabla sijaolewa. Limening'inizwa kati ya nguzo mbili, na baba hulipiga kwa bolti nene kama dole gumba lake. Kapela inapakana na kiwanja chetu, kwa hiyo kutoka kitandani hadi kwenye jante si mwendo. Saa aliipata redioni. Alfajiri mtangazaji wa Kasongo akitaja saa, baba alitoka na redio kwapani, na kijiji kikaamshwa. Ndiyo maana redio kwake haikuwa starehe. Ilikuwa chombo cha kazi, kama jembe langu.

Ng'ambo ya bonde kuna kapela nyingine, na mpiga kengele wake ni rafiki wa baba. Wote wawili walikuwa vijana wa baiskeli, wakisukuma mafuta ya mawese hadi Kabambare na kurudi na samaki wa chumvi, na hadithi zao za safari hizo nazijua kwa moyo, pamoja na zile ambazo nina hakika ni uongo. Sasa baba ana goti bovu na mwenzake haoni vizuri. Kati yao kuna mteremko, kijito, na mpando ambao hata mbuzi wanaulalamikia. Hawajaonana ana kwa ana muda mrefu. Lakini kila asubuhi baba akishapiga, yule wa ng'ambo naye anapiga. Hapo ndipo baba anarudi ndani kunywa chai.

Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani baada ya mama kufariki. Watoto wangu wameshapata nyumba zao, na miaka yangu ya Salamabila ilikuwa imenichosha. Huko niliuza mandazi kwa wachimba dhahabu, na jiko langu lilikuwa karibu na kibanda cha kuchajia simu na tochi, chenye mapano ya sola juu ya paa. Pano ni ile sahani ya kioo inayokula jua na kutoa umeme. Mwenye kibanda alikuwa mtu wa Uvira, msemaji kweli, na mdomo wake ukipata andazi la moto ndiyo unazidi. Nilikaa pale nikikaanga na kusikiliza. Nilijua waya upi unakwenda wapi muda mrefu kabla sijaugusa. Nilipoaga, alinipa pano dogo lililopasuka kona, na betri ya tochi ya mchimbaji iliyokuwa bado nzima. Nilivifunga ndani ya kitenge, nikapanda pikipiki, nikavisahau.

Mvua za mwaka huo ziliharibu barabara kiasi kwamba pikipiki zilileta sukari na bia tu. Betri zilipopatikana zilikuwa za ovyo, zinakufa hata kabla hujazoea sauti. Baba akaanika, akasogeza, akaanika tena, mpaka jua lenyewe likashindwa. Redio ikanyamaza kabisa. Akaanza kupiga kengele kwa kukisia.

Alikisia vizuri, nisimwonee. Ila ulifika usiku wa mwezi mpevu, mweupe hivi kwamba ungeweza kuchambua maharagwe nje, na baba akaona kumekucha. Akapiga. Yule wa ng'ambo akaitikia. Vilima viwili vikaamka, wanawake wakawasha moto, wengine wakafika kapelani na kusubiri sala huku wamelaliana mabegani. Jogoo wa kwanza alipowika, watu walikuwa wamechoka na siku. Jirani yangu mmoja alikuwa ameshafika shambani na jembe lake, akakaa juu ya kisiki kungoja jua, na hadi leo akiniona ananiuliza kama kumekucha.

Mimi nilicheka. Kiongozi wa shirika, yaani jumuiya ya waumini wa kapela yetu, hakucheka. Alikuja na adabu zote, akakalia kiti cha mama, akamwambia baba kwamba amefanya kazi kubwa na sasa angepumzika. Katekista ana simu yenye saa, anaichaji sokoni Lusangi, kazi hiyo angeiweza. Baba akaishika bolti yake magotini. Kiongozi alipoona haiachii, akalegeza: padri anakuja Jumapili ile iliyofuata kwa misa ya shukrani ya mavuno. Kengele ikilia kwa saa yake siku hiyo, basi, mzee aendelee. Ikikosea tena, anampa katekista bolti.

Alipoondoka nikamwambia baba kwamba mimi nisingehangaika, ningempa huyo mtu bolti yake nikalala mpaka jua lichomoze. Nilikuwa natania. Baba akaangalia ng'ambo.

"Nikiacha kupiga, ule wa ngambo atasema nimekufa," akasema.

Nikamwambia watamweleza kwamba ni katekista anapiga.

"Anajua mukono yangu. Akisikia mukono ya mutu mwingine, hata wamuelezee namna gani, atalia kwanza."

Nikaingia ndani, nikatafuta kile kitenge nilichokuja nacho kutoka Salamabila.

Sasa nikueleze kazi yangu, kwa sababu naionea fahari na hakuna atakayenizuia. Pano lilikuwa limepasuka, lakini nilipoliweka juani na kugusisha nyaya zake kwenye kitaa cha tochi, kitaa kiliwaka. Betri ilikuwa ya kuchaji, nzito kwa umbo lake. Kilichokosekana ni diodi, kile kidude cheusi chenye mstari upande mmoja. Mtu wa Uvira alinifundisha kwamba ni mlango wa upande mmoja: mchana umeme unapita kwenda kwenye betri, usiku hauruhusiwi kurudi kwenye pano. Nikaitoa diodi kwenye redio iliyokufa ya jirani yule yule wa kisiki. Risasi ya kuunganishia nikaikwangua humo humo. Nikapasha msumari mrefu kwenye makaa mpaka ukawa mwekundu, nikaushika kwa kitambaa, nikayeyusha, nikaunganisha, nikaungua kidole, nikatukana, nikaunganisha tena. Kwa ajili ya redio nikakata vibati viwili kwenye kopo la maziwa, nikavikaza pale betri za zamani zilipokuwa zinakaa. Nyumba ya betri ikawa nusu ya kibuyu. Pano nikalifunga kwenye kipande cha ubao.

Baba alinitazama muda wote huo kutoka kwenye kiti chake. Nilipomaliza nikamweleza kwamba jua linaingia hapa, linapita huku, linalala humu. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Mimi niko nafanya hii kazi tangu mbele ya kukuzaa," akasema, "tena bila waya."

Siku ya kwanza hakukuingia kitu. Jioni kitaa hakikuonyesha hata wekundu. Baba aliimba wimbo wa kanisani kwa furaha isiyohitajika. Asubuhi nikaichunguza ile diodi, nikakuta mlango nimeufungia nje, nikaugeuza, na baba aliponiuliza nafanya nini nikamwambia naongeza nguvu. Tangu hapo ikaanza kuingia.

Betri nilikuwa nimeiweka ndani ya kibuyu chake, chini ya benchi, kivulini. Mtu wa Uvira alikuwa amenionya mara nyingi: pano lipende jua, betri ipende kivuli, betri ikipata joto inavimba na kufa. Nikaenda shambani. Niliporudi, betri ilikuwa juani, imelala kwenye mkeka kando ya pano, na baba kando yake akiilinda dhidi ya kivuli cha mparachichi.

Nikairudisha chini ya benchi, nikaeleza. Kesho yake nikaikuta juani. Nikaeleza kwa sauti ya juu zaidi. Siku iliyofuata ilikuwa juani tena, na safari hii alikuwa ameigeuza ili ipate jua pande zote, kama mtu anavyogeuza muhogo. Mimi si mtu wa subira, na sikuwa na subira siku hiyo. Nilisema maneno mengi juu ya wazee na masikio yao. Baba naye akasema kwamba katika nyumba hii betri zilianikwa mimi nikiwa bado nakojoa kitandani, na redio ilikuwa inasema. Tukala ugali wetu tukiwa tumepeana migongo. Jumapili ilikuwa inakaribia, na mtu pekee aliyekuwa anaharibu kengele ya baba alikuwa baba.

Kilichonitoa kwenye hasira ni mkono wangu wenyewe. Nilipoiokota betri kwenda kuificha, iliniunguza kiganja, na ubavu wake mmoja ulikuwa umeanza kutuna. Badala ya kueleza, nikamwekea baba mkononi. Akaishika. Akaihamishia mkono wa pili. Akaiweka shavuni, kama alivyokuwa anatufanyia sisi tukiwa wadogo, na uso wake ukabadilika.

"Huyu iko na homa," akasema.

Nikamwambia ndiyo, hasa, ina homa, jua limeizidi. Akainuka mwenyewe na goti lake bovu, akaibeba ndani taratibu kwa mikono miwili. Nikalala nikiwa mshindi.

Kesho yake niliporudi kutoka shambani, pano lilikuwa nje peke yake likipata jua vizuri kabisa. Nikaingia ndani nikiwa nafurahi. Betri ilikuwa juu ya kitanda cha baba, kwenye mto, imefunikwa kitambaa kilicholoweshwa maji. Pembeni kulikuwa na bakuli, kwa ajili ya kuloweka tena. Baba alikuwa amekaa hapo hapo, ameikunjia mikono ya shati.

"Mutu ya homa unamuwekea kitambaa ya maji," akanieleza kabla sijafungua mdomo. "Sasa iko napoa."

Nilikaa sakafuni. Nikacheka mpaka machozi, kisha sijui machozi yalibadilika saa ngapi, nikajikuta nalia kweli. Nyaya zilikuwa zimekwisha kuota ukijani kwa yale maji, kiungo kimoja kilikuwa kimeachia, na chaji yote ya siku zile ilikuwa imeisha. Ilikuwa Ijumaa, na mawingu yalikuwa yanajikusanya juu ya bonde. Baba aliniangalia nikilia, akaangalia betri, akaondoa kitambaa. Hakusema kwamba yeye ameanika betri tangu zamani. Aliniuliza tu ilitakiwa akae vipi nayo.

Hapo ndipo nilipoelewa kosa langu la kumweleza. Nilikuwa namwambia asifanye hiki, asifanye kile, mtu ambaye maisha yake yote jua lilipotoka alikuwa na kazi ya kufanya. Nikakausha nyaya, nikazikwangua, nikapasha msumari. Nikamwambia betri itakaa chini ya kiti chake. Popote atakapokaa patakuwa na kivuli, maana kivuli ni chake mwenyewe. Kazi yake itakuwa pano: alifuate jua, kivuli cha mparachichi kikija alisogeze, kama zamani.

Akafikiri. Akauliza kama pano halipati homa. Nikamwambia halipati kabisa.

Ijumaa hiyo mvua ikanyesha mpaka jioni. Jumamosi asubuhi anga lilikuwa la majivu. Nilitwanga mpunga wa sherehe pale uani nikiwa na moyo mzito, kila mara nikimwangalia baba amekaa na pano magotini, uso juu, akisubiri. Mchana mawingu yakapasuka, jua likashuka kwa vipande. Baba akaanza kukifuata kila kipande. Kwanza kilikuwa karibu na jiko, akahamia hapo na kiti chake, betri chini, pano mbele. Kikaenda kwenye banda la mbuzi, naye akaenda. Nikaingia ndani kuepua chungu, na niliporudi hakuwepo uani. Nikasikia pikipiki zinapiga honi.

Baba alikuwa katikati ya barabara. Ndipo mahali pekee ambapo kivuli cha mti hakikufika, na jua lote la mchana ule lilikuwa limekaa hapo. Amekaa kwenye kiti chake, amenyooka kama padri, kibuyu kati ya miguu, pano limeelekezwa juu. Pikipiki zilizokuwa zinakwenda Kabambare na madumu yao ya mafuta zilikuwa zimesimama kila upande. Dereva mmoja alishuka kumsihi. Baba akamwonyesha nafasi ya kupita kando ya majani, akamwomba asitifue vumbi kwenye kioo. Na walipita, mmoja mmoja, polepole, wakimsalimu. Nilitaka kuona aibu, lakini furaha ilinizidi. Nikamletea chakula chake hapo hapo barabarani, na akala bila kuondoa macho kwenye jua mpaka lilipozama.

Alfajiri ya Jumapili nilimkuta ameshavaa koti lake. Tukaunganisha vibati pamoja, mimi nikishika, yeye akielekeza. Akazungusha kitufe. Redio ikakohoa, ikavuma, halafu mtangazaji wa Kasongo akasema nasi kwa sauti safi, isiyo na mafua hata kidogo, ikajaza chumba chote. Baba alifumba macho. Muziki ukapigwa, matangazo ya vifo yakasomwa, na mimi nilikuwa nasimama mguu huu na ule nikiogopa betri itakata kabla ya saa kutajwa. Haikukata. Saa ikatajwa. Baba akaweka redio kwapani, akatoka.

Alipiga kama anavyopiga siku zote: mapigo matatu ya polepole, kisha ya haraka mengi, kisha moja la mwisho analoliacha life lenyewe. Hata mimi, sasa, naujua mkono huo. Kiongozi wa shirika alikuwa amesimama mbele ya kapela pamoja na katekista, na katekista alikuwa na simu yake mkononi. Aliitazama, akamwonyesha kiongozi. Kiongozi akainua kofia yake kumwelekea baba, na jambo la bolti likaisha hapo.

Lakini baba hakumwona. Alikuwa ameelekea ng'ambo, bolti bado mkononi.

Hakukuwa na jibu. Ukungu ulikuwa umejaa bondeni. Nikasubiri naye. Wanawake walianza kuingia kapelani na mavazi yao ya sikukuu, wakatupita wakisalimu, na baba hakuitikia hata mmoja. Nilikuwa nimehangaika kwa ajili ya mzee mmoja asidhaniwe amekufa, na sikuwahi kufikiri kwamba wako wawili. Nikamshika kiwiko.

Kisha ikaja, ndogo, kutoka nyuma ya ukungu: mapigo ya yule wa ng'ambo, mazito, yasiyo na mpangilio, kama ya mtu aliyetafuta jante kwa mkono kabla ya kulipiga. Baba akaachia pumzi. Alisikiliza mpaka pigo la mwisho likafa, halafu akajifuta macho kwa mkono wa koti, waziwazi, bila kujificha.

"Amechelewa," akasema. "Redio yake haiseme. Pile zake ziko bado kwa jua, namujua."

Akanipa redio niishike, akajifunga vizuri vifungo vya koti kwa ajili ya misa. Kisha akanigeukia.

"Mama, mutengenezee na yeye. Lakini wewe mwenyewe umupelekee, umuambie vizuri. Pano kwa jua, pile kwa kivuli. Ule ni mubishi sana."